Bahari Zenu Hazina Mapanki

Ndugu zangu waandishi chipukizi, leo sina hadithi ya kuwapa. Leo nina ugomvi, na ugomvi wenyewe ni na ninyi, si na wazungu wala si na wachapishaji. Atakayekasirika akasirike mapema, kisha aendelee kusoma.

Hapa Ilemela tuna kikundi chetu cha uandishi. Hatuna ofisi wala muhuri. Tunabadilishana miswada, tunasomeana, tunabishana, giza likiingia kila mtu anashika njia yake. Mwaka huu imepita mikononi mwangu miswada minne ya riwaya za dunia za kubuni, na yote minne ina bahari. Nilifurahi kupita kiasi. Nikasema, haya sasa ndiyo mambo! Vijana wamechoka na ile hadithi ya kila siku ya binti aliyedanganywa na mwenye gari. Nikafungua. Ndani nikakuta ramani zimechorwa kwa penseli kwenye karatasi za daftari la hesabu, visiwa vimepakwa rangi, kila nchi ina mfalme wake, lugha yake na mungu wake. Kazi ya mkono si ndogo, natoa heshima zangu.

Lakini jamani! Kaskazini ya kila bahari kuna theluji. Magharibi kuna ngome za mawe zenye minara mirefu. Mabaharia wanakunywa mvinyo wa kwenye mapipa, wanavaa ngozi za mbwamwitu, wanaogopa joka linalotema moto. Majina ya miji yanaishia kwa "heim" na "oria". Na mwandishi ni nani? Ni mtoto wa Kitangiri, mama yake anauza dagaa Mwaloni Kirumba, na barafu anayoijua yeye ni ile ya kupangia samaki kwenye gari.

Sisemi msibuni. Hapo tuelewane, maana wapo wazee watakaoidaka makala hii na kushangilia kwamba hata vijana wenyewe sasa wameikataa ndoto. Mhariri mmoja, jina nalihifadhi, alinirudishia kurasa zangu akaniambia nchi ambayo haipo ni mchezo wa watoto, mwandishi mzima aandike yaliyopo. Mzee wangu, shikamoo, lakini hapana. Shaaban Robert alitoa Kusadikika mwaka 1951, nchi inayoelea angani, wakati Tanganyika ingali chini ya Mwingereza. Nchi hiyo haipo kwenye ramani yoyote, lakini nani asiyeijua baraza ile ambamo mtu anashtakiwa kwa kosa la kutaka watu wafundishwe sheria? Kezilahabi, mtoto wa Ukerewe, alianza na Rosa Mistika mwaka 1971, kitabu ambacho ndani yake unaikanyaga kabisa ardhi ya kisiwani kwao. Akaja kufika Nagona mwaka 1990 na Mzingile mwaka 1991, na huko hujui hata unakanyaga nini. Hakuna aliyethubutu kumwambia kwamba anacheza. Kubuni ni haki yetu na urithi wetu.

Ugomvi wangu ni kwamba mnabuni kwa kuazima, na mnaazima kwa watu ambao walishatubuni sisi zamani, tena bila kutuuliza.

Walitubuni kabla hawajatuona

Katikati ya miaka ya 1850 wamisionari wawili waliokuwa pwani, Erhardt na Rebmann, walitoa ramani ya bara hili. Huku ziwani walikuwa hawajafika. Walikusanya maneno ya watu wa misafara: huyu anasema mbele kuna maji makubwa, yule naye anasema kwake kuna maji makubwa. Wakayaunganisha yote, ikawa bahari moja ya ajabu, yenye umbo la konokono asiye na nyumba, wakaiita Bahari ya Unyamwezi. Ziwa Nyasa, Ziwa Tanganyika na ziwa letu hili yote yakaingizwa kwenye tumbo la mdudu mmoja. Ramani ile ikajadiliwa London na watu wazima wenye suti zao.

Hebu fikirini. Ile nayo ilikuwa dunia ya kubuni yenye bahari, nchi na makabila. Tofauti ni kwamba watunzi walikuwa wengine, sisi tulikuwa wahusika.

Ndipo Burton na Speke wakatumwa kuja kuangalia. Burton akabaki Tabora akiumwa. Speke akaja mpaka huku Mwanza, na tarehe 3 Agosti 1858 akayaona maji, akayapa jina la malkia wake. Maji yenyewe hayakuwa yanasubiri ubatizo. Huku kwetu yalikuwa Nyanza. Waganda waliyaita Nalubaale, jina lenye lubaale ndani yake, yaani miungu yao. Wajaluo waliyaita Nam Lolwe. Watu wa misafara walitaja Ukerewe. Majina manne, na kila jina lina watu wake na sababu yake. Kwenye atlasi likabaki la malkia ambaye hata mguu hakuutia majini, na sisi tunalitamka kila siku bila hata kukohoa.

Msidhani mchezo huo uliishia kwa Speke. Mwaka 2004 ilitoka filamu ya Hubert Sauper, Darwin's Nightmare, iliyopigwa hapahapa Mwanza: sangara, ndege za mizigo, mapanki, watoto wa mitaani. Mwaka 2006 Rais Kikwete akailaumu hadharani. Wapo waliosema filamu imetudhalilisha, wapo waliosema imesema kweli. Mimi nauliza swali la mwandishi: riwaya yetu ya kumjibu iko wapi? Tulijibu kwa hotuba. Hotuba inakwisha siku ileile, filamu inaendelea kuonyeshwa.

Na sasa, badala ya kuichukua hii bahari yetu tuibuni upya kwa akili zetu, mnaniletea theluji.

Haya, nani kawafundisha theluji? Nyote mtanijibu Tolkien na waliomfuata. Vizuri. Tolkien alikuwa profesa Oxford, kazi yake ni lugha za kale za Waingereza. Kitabu chake kikubwa kilitoka mwaka 1954 na 1955. Yule mzee hakuokota theluji barabarani. Alianzia kwenye lugha za babu zake, akazichambua, akatoa humo nchi na watu. Hilo ndilo somo lake. Ninyi mmeliruka somo mkachukua koti. Yeye alianzia kwa babu zake, na ninyi pia mnaanzia kwa babu zake!

Nchi

Kwenye miswada yenu mtu anachora mstari, upande huu nchi ya wema, upande ule nchi ya wabaya, basi. Tazameni mpaka wa kweli unavyozaliwa. Mwaka 1890 Mwingereza na Mjerumani walikaa Ulaya wakakubaliana: mstari wa digrii 1 kusini mwa ikweta upite juu ya ziwa. Mstari umenyooka kama wa rula, juu ya maji! Mpaka leo ndio unaotenganisha Tanzania na Uganda humo ziwani. Ziwa lina kilometa za mraba 68,800 hivi. Karibu nusu ni yetu, Uganda inafuata, Kenya ina asilimia 6 hivi. Sangara hajui digrii moja. Mvuvi anayemfuata usiku anaijua pale boti ya doria inapommulika usoni.

Au chukueni Migingo. Ni mwamba, hata kiwanja cha mpira huwezi kuweka juu yake. Mabati yamebanana mpaka ukingoni, na Kenya na Uganda wameuvutana, mvutano uliopamba moto mwaka 2009. Mwamba wenyewe haulimiki. Kinachogombewa ni sangara wa maji ya pembeni. Mtunzi akiniletea kisiwa kama hicho kwenye riwaya, chenye polisi wa nchi mbili, wauza chai, baa na mashine za boti, sitamuuliza joka liko wapi.

Na wafalme je? Ukerewe ilikuwa na Omukama Lukonge. Mfanyabiashara wa kutoka pwani, Songoro, alikuwa anaunda jahazi kisiwani. Wamisionari wa Kiingereza wakalitaka jahazi lile kwa safari zao za Buganda. Ukazuka ugomvi wa malipo, maneno yakazaa mikuki, na Desemba 1877 wakafa wamisionari Shergold Smith na O'Neill, na Songoro naye akafa. Mnaona? Mfalme wa kisiwa, mtu wa pwani na wageni wa kutoka ng'ambo, dini tatu kwenye ufukwe mmoja, na chanzo ni jahazi na deni. Kwenye miswada yenu vita vinaanza kwa sababu mtoto kazaliwa na alama kwenye paji la uso. Deni lina nguvu kuliko alama, wallahi. Kila msomaji amewahi kudaiwa.

Lugha

Hapa ndipo mnaponimaliza. Mshikaji wangu mmoja ametunga lugha nzima. Ina sarufi, ina maneno kumi na mawili ya moto wa joka, na majina yake yana vikomo vya juu kama vile mtu anakwama koo. Nchi moja, lugha moja, imekwisha.

Njooni Mwaloni asubuhi. Samaki tunayemwita dagaa, akivuka kwenda Kenya anaitwa omena, akiingia Uganda anaitwa mukene. Ni yuleyule, hajabadilika hata jicho. Sangara kwa Wajaluo ni mbuta, Uganda ni mputa. Sato ng'ambo ni ngege. Mfanyabiashara asiyejua majina matatu anapigwa bei mchana kweupe. Humohumo sokoni kuna Wakara na Wajita, ambao lugha zao ni ndugu. Kuna Wakerewe, Wazinza na Wahaya, nao ni majirani zao kwa lugha. Kuna Wasukuma, ambao Kibantu chao kimeshika njia nyingine. Halafu yuko Mjaluo, ambaye lugha yake si ya Kibantu kabisa, ukoo wake ni wa watu wa Mto Naili. Wote hao wanagombania beseni moja kwa Kiswahili. Kiswahili chenyewe kila mmoja kakitia chumvi ya kwao.

Na lugha hufa. Visiwa vya Rusinga na Mfangano, upande wa Kenya, ni vya Wasuba, ambao wazee wao walisema Kisuba, lugha ya Kibantu. Leo wengi wao wanasema Dholuo. Hakuna jeshi lililokuja kuwakata ndimi. Waliozana, wakauziana, watoto wakaenda shule, jina likabaki na lugha ikaondoka. Nitajieni dunia moja ya kubuni kwenye miswada yenu ambamo lugha inakufa hivyo, kwa harusi na soko. Kwenu lugha inakufa kwa laana ya mchawi.

Sasa nimtaje mtu ambaye jina lake lingepaswa kuwekwa juu ya mlango wa kila kikundi cha waandishi kanda hii. Aniceti Kitereza, Mkerewe, aliyezaliwa mwaka 1896. Aliandika kwa Kikerewe riwaya kubwa juu ya Ukerewe ya kabla ya wazungu: watu walivyooana, walivyovua, walivyoagua, walivyozika. Aliimaliza mwaka 1945. Nani achape kitabu kizito cha Kikerewe? Hakuna. Mzee akakaa nacho. Mwishowe akakigeuza mwenyewe kuwa Kiswahili, na mwaka 1980 Tanzania Publishing House wakakitoa: Bwana Myombekere na Bibi Bugonoka, Ntulanalwo na Bulihwali. Miaka 35 tangu amalize. Mwaka 1981 akafariki. Gabriel Ruhumbika, Mkerewe mwingine, akaja kukitafsiri kwa Kiingereza, kikatoka mwaka 2002. Kisiwa kimoja hicho, Kitereza, Ruhumbika, Kezilahabi, na sisi tunakiona kutokea Kayenze hali ya hewa ikiwa safi. Bado mtu ananiambia huku ziwani hakuna mfano wa kuiga.

Nami nina langu hapa. Mama yangu ni Mkara. Kikara nakisikia, ila kukisema nasema cha kuombea maji. Naandika kwa Kiswahili, na nitaendelea, kwa sababu Kiswahili ndicho kilichompeleka Kitereza kwa wasomaji na ndicho kitakachonipeleka mimi. Lakini sitajidanganya kwamba ni bure. Kila ukurasa ninaoandika ni ukurasa ambao haukuandikwa kwa Kikara. Ndiyo maana inaniuma kumwona kijana anatunga maneno kumi na mawili ya moto wa joka, na hajawahi kukaa na mjomba wake pale Igombe akamuuliza upepo wa alfajiri unaitwaje na ule unaopindua mitumbwi unaitwaje. Mjomba akifa anaondoka na maneno yake. Maneno ya joka yatangoja, joka halina haraka.

Dini

Mungu wa bahari katika miswada yote minne ni mzee mwenye ndevu na mkuki wenye meno matatu. Huyo ni Mgiriki, bwana! Hapa ziwani Waganda walikuwa na Mukasa, lubaale wa ziwa, na hekalu lake kuu lilikuwa Bubembe katika visiwa vya Ssese. Upande wa Wajaluo kuna Nyamgondho, maskini wa Gwassi, aliyetupa wavu akanasa bibi kizee. Akamchukua, na yule bibi akamletea mali na ng'ombe. Mali ikampanda kichwani, pombe ikamsaidia, siku moja akamtukana. Bibi akanyanyuka akarudi ziwani, na mifugo yote ikamfuata majini, yeye akabaki mti ufukweni. Hiyo ni dini na ni sheria: ziwa linakopesha, halitoi zawadi.

Kisha zikaja dini za kitabu, na zenyewe zilipitia kwenye maji haya. Someni habari za Kabaka Mwanga muone kama kuna mtunzi anayeweza kumpita Mungu kwa kutunga. Mwaka 1886 anaamuru vijana Wakristo wachomwe Namugongo. Mwaka 1888 Wakristo na Waislamu wanaungana wanampindua. Mfalme anaingia mtumbwini, anavuka ziwa zima kuja upande wetu, anafikia Magu kwa Waarabu, hakai. Anakimbilia wapi? Bukumbi, kusini ya Mwanza hapa, kwa mapadri weupe! Aliyewachoma Wakristo analala kwa mapadri. Mwaka 1889 anarudi kwao kwa boti ya Stokes, Mwairishi aliyekuwa mmisionari akaacha akawa mfanyabiashara wa pembe na bunduki, na wanaompigania sasa ni Wakristo walewale. Haijaisha. Wakatoliki wa Buganda wakaitwa Wafaransa na Waprotestanti wakaitwa Waingereza, ingawa wote ni Waganda watupu, na Januari 1892 wakatandikana risasi Mengo. Watu wanauana kwa majina ya nchi ambazo wengi wao hawajawahi kuziona.

Hiyo ndiyo dini katika nchi zenye maji: inapanda mtumbwi, inabadilisha jina, inaazima bunduki, inasamehe inapokuwa na faida. Baadaye ufuko huohuo ukazaa dini zake wenyewe. Mwanzoni mwa miaka ya 1960 Nyanza ya Kenya ilitoa Legio Maria, waumini waliotoka ndani ya Ukatoliki wakaweka papa wao Mwafrika. Nanyi mnaniandikia "waumini wa Mwanga" dhidi ya "waumini wa Giza". Hakuna mtu duniani aliyewahi kukubali kwamba yeye ni muumini wa giza.

Nani anakula mnofu?

Sasa nifike kwenye kichwa cha makala. Sangara aliingizwa ziwani miaka ya 1950. Akala furu, akanenepa, akawa dili. Viwanda vya minofu vikafunguliwa miaka ya 1990, mnofu ukawekwa kwenye maboksi ukapanda ndege kwenda Ulaya. Kilichobaki, kichwa na mifupa, tukakiita mapanki, kikakaangwa, kikauzwa kwa watu wa hapa. Na bondo la sangara linasafiri hadi Uchina, na kwa kilo lina bei kuliko mnofu wenyewe. Huna haja ya kusoma uchumi chuo kikuu. Simama kwenye mzani Mwaloni, angalia kipi kinakwenda upande gani, umeshaielewa dunia.

Nimezipekua bahari zenu nne, hazina mapanki. Wafalme wanakula karamu, mabaharia wanashiba, hakuna anayeuliza samaki kavuliwa na nani, kwa wavu wa nani, na nani kaachiwa mifupa. Meli zenu zinazama kwa sababu ya dhoruba ya kichawi. MV Bukoba ilizama tarehe 21 Mei 1996 ikikaribia Mwanza, watu zaidi ya 800 wakafa, na makaburi yao yako Igoma. MV Nyerere ilipinduka tarehe 20 Septemba 2018 ikiwa imebakiza mita chache kugusa Ukara, kwa mama yangu, wakafa watu 228. Kilikuwa kivuko cha abiria 101. Hapakuwa na dhoruba. Palikuwa na tiketi zilizouzwa kuliko nafasi. Bahari ya kubuni ambayo meli yake haina mkata tiketi ni bahari ya uongo, na simaanishi uongo mtamu tunaoupenda sisi watunzi. Namaanisha uongo unaomficha mkosaji.

Najua mtanijibu. Mtasema, msomaji amechoka na shida, anataka asahau. Sawa, asahau! Mpe samaki wanaozungumza, mpe kisiwa kinachohama usiku, mpe mwezi wa tatu angani. Wavuvi wa dagaa hawavui mbalamwezi ikiwa kali, maana taa zao hazimvuti dagaa. Sasa fikiria bahari yenye miezi mitatu ambamo giza linapatikana siku mbili tu kwa mwaka, na nchi nzima inaishi kwa siku hizo mbili. Nani atalimiliki giza? Nani atalikodisha? Makasisi wa nchi ipi watasema giza ni lao? Hakuna theluji hapo, lakini ni ndoto tupu, na mama yako Mwaloni ataisoma bila kuhitaji kamusi.

Mtasema tena, unatufungia kijijini, sisi tunataka dunia. Ndugu zangu, ziwa hili lina nchi tatu, lina lugha ambazo vidole vyote vya mikono havitoshi kuzihesabia, na limepitiwa na Wajerumani, Waingereza, Waarabu na Wahindi, kila mmoja ameacha kitu. Wilaya ya Ukerewe peke yake ina visiwa 38. Kama hicho ni kijiji, basi nionyesheni mji.

Kwa hiyo naomba jambo moja. Kabla hujanipa mswada wako mwingine wenye bahari, kaa na ramani yako ujibu maswali haya. Mpaka huu nani kauchora, na alikuwa amekaa wapi alipouchora? Maji haya yanaitwaje na watu wa kila upande, na jina la nani ndilo limeandikwa? Lugha ipi hapa inakufa, na inakufa kwa nini? Mtumbwi ukianza kuingiza maji usiku, huyu anamwita nani, na yule aliyekaa naye anamwita nani? Na la mwisho, nani anakula mnofu na nani anakula mapanki? Ukiyajibu hayo, weka joka lako ukitaka. Nitalisoma. Ila nitataka kujua linalipiwa ushuru wapi.

Mimi wangu mswada nimeanza, uko kurasa tisini na kitu, na bahari yake ina majina manne. Mkutano wetu ujao leteni ya kwenu. Na yule mwenye maneno kumi na mawili ya moto wa joka asiache kuja: anajua sarufi kuliko sisi wote, na mjomba wake wa Igombe bado yu hai.